Alama Ishirini na Nane

Daktari aliihesabu chati mara mbili kwa ncha ya kalamu, safu kwa safu, kisha akaiweka kando na kuvaa taa yake ya kichwani. Alama za vema zilikuwa ishirini na nane. Hakuna siku iliyorukwa, na chini ya kila wiki palikuwa na sahihi ya mama, imetiwa na mkono wa mtu anayeona fahari kutia sahihi. Mama Chiriku alikaa ukingoni mwa kiti cha wazazi akisubiri kusifiwa. Ruhusa ya nusu siku alikuwa ameiomba kwa shida kwenye karakana ya kushona sare za shule, na msimamizi alimpa huku amebinua midomo, kwa hiyo sifa hizo alizihitaji hasa.

"Fungua mdomo, Chiriku. Zaidi. Haya, mtoto mzuri."

Chiriku, mwenye miaka minane, alifungua. Jina hilo alipewa na baba yake mapema sana, kwa kuwa hakuna jambo lililowahi kulala kinywani mwake. Ukitaka habari za nyumba nzima zifike mtaa wa pili kabla ya chai, mwambie Chiriku kwamba ni siri. Siku hiyo, hata hivyo, alikuwa hajasema neno tangu wavuke geti la kliniki, na mama yake alidhani ni woga wa kile kiti.

Daktari aliingiza kipimo chembamba, akatazama, akakitoa, akakipangusa, akakiingiza tena. Kisha akamwita muuguzi naye atazame.

"Mama, hiki kifaa mnakigeuza kila siku?"

"Kila siku, daktari. Chati si hiyo hapo?"

"Chati nimeiona. Nauliza kifaa."

Kifaa chenyewe kilikuwa chuma kidogo kilichogandishwa kwenye magego ya juu, na katikati yake, chini ya kaakaa, palikuwa na skrubu yenye vitundu. Kila asubuhi, baada ya chai na mswaki, mzazi alitakiwa kuingiza kijifunguo kwenye kitundu na kusukuma mara moja tu, robo ya milimita. Taya la juu la Chiriku lilikuwa jembamba. Meno ya chini yalipita nje ya yale ya juu, na ili atafune mtoto alilazimika kulipeleka taya la chini upande wa kushoto, hata kidevu kikaanza kulifuata. Daktari alikuwa ameeleza siku ya kwanza kwamba katikati ya kaakaa kuna mshono ambao kwa mtoto wa miaka minane bado ni laini. Ukiusukuma unafunguka, na mfupa unajaza pale. Ukisubiri afike kumi na sita umeshakaza, na hapo kazi ni ya kisu. Mama Chiriku, ambaye kutwa hufumua na kushona, alimwelewa kabla hajamaliza sentensi.

"Mara ishirini na nane ni milimita saba," daktari alisema. "Hapa napata moja na nusu. Hiyo ni mara sita, mama. Na pengo liko wapi? Niliwaambia msishtuke, meno mawili ya mbele yataachana. Haya yamekaa kama nilivyoyaacha mwezi uliopita."

"Labda kifaa ni kibovu."

"Kifaa ni kizima."

"Mume wangu ndiye anageuza, daktari. Ni fundi saa. Skrubu anazofunga yeye mimi na wewe hatuzioni. Yule hawezi kukosea."

"Sijasema amekosea," daktari akajibu, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni.

Mama Chiriku alihisi masikio yakipata moto. Mlango wa chumba ulikuwa wazi nusu, na kwenye benchi la nje walikaa wazazi watatu ambao ghafla walikuwa wameacha kuzungumza.

"Sahihi hizi ni za nani?"

"Zangu."

"Uliona kwa macho yako kikigeuzwa?"

"Jumapili huwa nipo. Namshikia tochi mwenyewe. Siku nyingine natoka nyumbani alfajiri, basi la karakana halisubiri mtu. Nikirudi jioni nauliza."

"Kwa hiyo uliambiwa."

"Niliambiwa, ndiyo."

Muuguzi akaandika kitu kwenye faili. Hakukandamiza kalamu wala hakucheka, lakini Mama Chiriku angeona afadhali acheke. Daktari huyo hakuwa wa kliniki ile. Alikuja mara moja kwa mwezi kwa ajili ya mradi uliochagua watoto kumi na wawili na kuwalipia nusu ya gharama, na nusu ile nyingine ya Chiriku ilitokana na cherehani ya pili ya mama yake, ile ya nyumbani aliyoshonea wateja wake mwenyewe. Aliiuza kwa siku moja, bila kuvuta maneno, na ilipopakiwa kwenye mkokoteni hakutoka nje kuitazama.

"Kuna watoto arobaini wanasubiri nafasi," daktari alisema, sauti imeshuka. "Mzazi akitia sahihi jambo ambalo halikufanyika, natakiwa nimtoe mtoto. Leo sitafanya hivyo. Baada ya siku kumi na nne nitapita hapa kwa ajili ya mtoto mwingine. Geuza wewe mwenyewe. Akihisi kubanwa ni kawaida. Akisema inauma sana, simamisha na unipigie. Mimi sipo kinywani mwake, mama, na wewe hupo. Kipimo chako ni yeye. Halafu uniletee pengo. Chati sitaitazama."

Walipotoka, mwanamke mmoja kwenye benchi alimpakata mwanawe vizuri na kusema, si kwa Mama Chiriku, ila kwa sauti ya kumtosha Mama Chiriku: "Wengine wanapewa, wanachezea."

* * *

Walikaa kwenye ukuta mfupi nje ya duka la dawa. Mama Chiriku hakuwa na nguvu ya kufika kituoni.

"Chiriku. Baba alikuwa anageuza?"

"Alikuwa anageuza."

Alilisema vizuri sana, kwa sauti yake ileile nyembamba na tabasamu juu yake, na mama yake angeamini kama alivyoamini jioni zote zilizopita. Lakini kipimo cha daktari alikuwa amekiona kwa macho yake.

"Chiriku, mwanangu. Mimi siyo daktari. Niambie."

Mtoto akatazama viatu vyake. Kisha uso ukakunjamana na maneno yakatoka yote kwa mkupuo, kama kawaida yake. Baba aligeuza siku za mwanzo. Siku moja ikakaza, akalia, baba akaacha. Kesho yake baba akasema leo tupumzike. Kesho kutwa akasema tupumzike tena. Baadaye hakusema kitu, akawa anaweka alama tu wakinywa chai.

"Na Jumapili? Si nilikuwa nashika tochi?"

"Jumapili alikuwa anageuza."

"Sasa?"

"Jumatatu anarudisha."

Mama Chiriku alifumba macho. Aliziona Jumapili zile tatu za uongo moja moja: yeye amepiga magoti, tochi mkononi, pumzi ameibana asimtikise fundi, mume wake ameinama, jicho moja limefumbwa, kijifunguo kati ya vidole viwili, kisha "tayari," na yeye anapiga makofi kama mjinga. Alikuwa amewashikia taa ya kumdanganyia yeye mwenyewe.

"Kwa nini hukuniambia? Wewe? Wewe unayewaambia majirani nimeunguza mboga?"

"Baba alisema unachoka sana kazini, tusikuongezee." Chiriku alijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Alisema nikiweza kunyamaza, basi mimi ni mtu mzima."

Kila jioni Mama Chiriku alirudi na kipande cha kitambaa kilichobaki mezani, cha miraba, cha buluu, wakati mwingine hata cha utepe, ndiyo zawadi ya kuvumilia. Aliuliza, "Baba amegeuza?" na Chiriku akajibu, "Baba amegeuza," kisha akanyoosha mkono. Mwanasesere wake sasa alikuwa na nguo nyingi kuliko mwenye nyumba. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyomliza Mama Chiriku, akalia pale ukutani mchana kweupe, watu wakipita na dawa zao.

* * *

Kibanda cha fundi saa kilikuwa na upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Kioo mbele, kiti nyuma, na ukutani saa kumi na saba, kila moja na majira yake. Mtaani walimwita Sekunde, kwa kuwa ukimdai au ukimwomba akukopeshe alisema, "Nipe sekunde," na sekunde hiyo ilikwenda hadi mwisho wa mwezi. Lakini kwa kazi hakuna aliyemfikia. Mkono wake haukutikisika.

Palikuwa na mteja, mzee aliyevaa koti. Mama Chiriku, aliyekuwa amekuja na maneno ya kubomoa kioo, akasimama pembeni akingoja, maana alilelewa kutoingilia riziki ya mtu.

"Huyu ndiye mama watoto?" mzee akauliza huku akivaa saa yake. "Hongera, mama. Una mume mwaminifu. Fundi mwingine anakubadilishia vyuma vya ndani hujui. Huyu hata skrubu iliyovunjika anakurudishia kwenye karatasi, uione."

"Asante, baba," Mama Chiriku akasema.

Mzee alipokwenda zake, Mama Chiriku alimpeleka Chiriku kwa muuza vitabu wa jirani, akarudi, na kuiweka chati juu ya kioo.

Sekunde akaitazama. Akaitoa lenzi jichoni na kuifuta kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi.

"Daktari amesemaje?"

"Wewe ndiye useme."

"Siku ya saba ilikaza," alisema taratibu. "Niliisikia kwenye vidole. Miaka ishirini nafanya kazi hii, mama Chiriku. Skrubu ikikaza unasimama. Unarudi nyuma kidogo, unaangalia kuna nini. Ukilazimisha, unavunja."

"Ile si saa!"

"Najua si saa. Saa hailii." Aliikunja karatasi ya skrubu iliyokuwa mezani, akaikunjua. "Mdomo wazi, chuma changu kimo ndani, hawezi hata kuniambia niache. Ananitazama tu. Machozi yanaingia masikioni. Wewe hukuwepo."

"Sikuwepo kwa sababu wewe ulisema niache. Pale kliniki mkono wangu ulipotetemeka, nani alisema, 'Skrubu ni kazi yangu, hiyo niachie mimi'? Nikakuachia. Nikatamba nawe kazini, baba Chiriku. Hata wa cherehani ya pembeni yangu wanakujua kwa jina. Haya, siku ya saba ulimhurumia. Siku ishirini na moja zilizofuata je? Alama uliziweka na nani?"

Sekunde aligeukia ukutani. Saa za ukutani zilijibu kwa niaba yake, kila moja kwa wakati wake.

"Ungeniambia."

"Ungegeuza mwenyewe."

"Ndiyo, ningegeuza!"

"Basi ndiyo maana." Sauti yake ilipanda kidogo, jambo ambalo halikuwa la kawaida. "Unajua ule mdomo ni wa nani? Mlikaa pale na daktari mkisema taya jembamba, taya la kurekebishwa, kidevu kimekwenda upande. Mimi nimekaa palepale. Ule ni mdomo wa mama yangu. Mama yangu alikula nao, alicheka nao, akazikwa nao. Hakuna aliyemwambia ni mbovu. Kila asubuhi natakiwa nishike ufunguo nimtoe mama yangu usoni mwa mwanangu, robo milimita, robo milimita. Nilishindwa."

Mama Chiriku alimwangalia mtu huyu aliyeishi naye miaka kumi na moja. Hasira yake ilikuwa ingalipo, lakini chini yake kulikuwa na kitu kibaya zaidi, uchovu wa mtu anayegundua kwamba kazi aliyoifanya ndani ya nyumba haikuonwa na yeyote.

"Mama yako alipokuja kuishi kwetu mwisho mwisho, nani alikuwa anampa chakula?"

"Wewe."

"Nilimpa vipi?"

Sekunde akaichukua lenzi, akaiweka chini tena.

"Nilimsagia. Kila kitu. Miaka mitatu. Magego ya kulia yalikuwa yamelika yote, taya likimteguka kila akifungua mdomo, anakaa ameshika shavu hivi. Ukiingia wewe jioni anaondoa mkono, anacheka. Alikuwa anakuchekea wewe, baba Chiriku. Mimi ndiye niliyekuwa nasikia lile taya. Alinishika mkono hapa, akaniambia, mtoto huyu akiwa na mdomo wangu usiuache. Unadhani wazo la daktari nililitoa wapi?"

Alikuwa hajapata kumwambia mtu yeyote maneno hayo. Mama mkwe alikuwa amemwomba asimwambie mwanawe, na yeye akanyamaza. Sasa alijiona mjinga mara ya pili, kwa kuwa kumbe kila mtu ndani ya nyumba ile alikuwa na siri ya kumtunzia Sekunde roho, na wa kumtunzia yeye roho hakuwepo.

Sekunde aliinamisha kichwa. "Hukuniambia," alisema.

"Na wewe hukuniambia. Lakini mimi nilinyamaza nikasaga chakula. Wewe ulinyamaza ukamfundisha mtoto kunidanganya."

"Sikumfundisha. Nilimwomba anyamaze tu."

"Leta ufunguo."

Alikuwa nao mfukoni mwa shati, kwenye kimfuko cha kuwekea vipuri. Alimpa kwa mikono miwili. Alianza kusema kuhusu cherehani, kwamba atatafuta nyingine, ampe muda tu, na Mama Chiriku akamkata kabla hajafika kwenye sekunde.

* * *

Ili awepo nyumbani asubuhi ilibidi aombe kuchelewa saa moja kila siku mpaka kazi ya daktari iishe. Msimamizi alimsikiliza hadi mwisho, akasema sawa, kisha akamwondoa kwenye cherehani na kumweka meza ya vifungo na wasichana wapya, kwa malipo ya wasichana wapya. "Ukichoka na daktari utarudi," alimwambia mbele yao. Mama Chiriku alijikaza kisabuni na kuchukua sindano.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa mbaya. Kijifunguo kiliteleza mara tatu. Chiriku alipiga kelele kabla hakijamgusa, akamsukuma mama yake kifuani, akamwita baba. Sekunde alikuja akasimama mlangoni na mkono ameshautanguliza, mkono ule usiotikisika.

"Nipe nigeuze. Mara hii nitageuza kweli."

"Ondoka hapo mlangoni, unaniziba mwanga."

Aliondoka. Mama Chiriku akakishika kichwa cha mwanawe kati ya magoti, akatafuta kitundu, akasukuma. Mkono ulitetemeka na skrubu ikaenda. Ilikaza, kweli, kama alivyosema mwenzake, halafu ikaenda. Aliweka alama ya vema kwa kalamu ya kufanyia vipimo vya nguo, akaenda jikoni kulia kidogo, kisha akamfunga mtoto kamba za viatu. Sekunde alimpeleka Chiriku shuleni amemshika mkono kama siku zote, na mama yake alibaki dirishani akiwatazama wakienda. Mtoto alikuwa anamsimulia baba yake jambo, mikono ikirukaruka. Alitaka sana kujua ni jambo gani.

Siku ya tatu Chiriku hakupiga kelele. Siku ya nne alilala mwenyewe kwenye mkeka na kufungua mdomo bila kuambiwa. Siku ya tisa, Mama Chiriku alipomulika, aliona uwazi mwembamba kati ya meno mawili ya mbele, upana wa uzi. Kufika siku ya kumi na nne ungepitisha ukucha.

Daktari alipima mara moja tu. "Hili ndilo pengo," alisema, na akampa mkono. "Nafasi yake ipo. Tuna wiki mbili nyingine hivi, kisha tunasimama, na pengo litajifunga lenyewe. Umefanya kazi nzuri, mama. Hakusumbua?"

"Siku ya kwanza tu."

"Anasema inauma?"

"Anasema haiumi."

"Basi vizuri. Msikilize yeye."

Sifa zilikuwa zimekuja. Mama Chiriku alizipokea, akashukuru, akatoka na mwanawe kupita benchi la wazazi akiwa ameinua shingo. Hazikumfurahisha kama alivyotarajia, na hakujua kwa nini mpaka kesho yake asubuhi.

Asubuhi hiyo Chiriku alilala kwenye mkeka kama kawaida. Kijifunguo kikaingia. Ilikuwa imekaza kuliko siku nyingine zote. Mama Chiriku aliisikia vidoleni, akasukuma, ikakubali kwa shida. Vidole vya miguu vya mtoto vilijikunja ndani ya soksi.

"Inauma?"

"Haiumi, mama."

Alitabasamu, na pengo likaonekana lote. Sauti ilikuwa ileile nyembamba ya jioni zile zote, ile ya "Baba amegeuza," safi, haina hata mkwaruzo. Mama Chiriku akamwinamia na kuyatazama macho yale kwa muda mrefu, akitafuta alama yoyote ya kumwambia kama huu ni ukweli au ni uungwana wa mtoto anayemhurumia mama aliyechoka. Hakuiona. Hata zile jioni nyingine hakuwa ameiona.

"Chiriku, niambie kweli. Inauma sana?"

"Haiumi kabisa."

Sekunde alikuwa amesimama nje ya mlango, viatu vya mtoto mkononi. Alikuwa amesikia. Mama Chiriku alimtazama, akiomba, licha ya yote, kwamba yeye angalau ajue, na mumewe akatikisa kichwa polepole, akatazama chini.

Chiriku aliketi, akajipangusa mate mdomoni, na kunyoosha mkono wake. Mama yake akatia mkono mfukoni, akatoa kipande cha kitambaa cha buluu, akampa.